Nani Atamwandikia Fundi? Somo la Hataza ya Simu

Tumezoea kufundishwa kwamba Alexander Graham Bell alivumbua simu, na somo huishia hapo. Ni nadra kuambiwa kwamba ushindi wake ulipatikana pia mezani kwa mawakili.

Tarehe 14 Februari 1876, Bell akiwa Boston, ombi lake liliwasilishwa katika Ofisi ya Hataza mjini Washington. Aliyeamuru lipelekwe bila kumngoja ni mfadhili wake Gardiner Hubbard, mwanasheria. Waliolishughulikia ni mawakili wazoefu, Anthony Pollok na Marcellus Bailey. Siku hiyo hiyo Elisha Gray, mvumbuzi kutoka Illinois, naye aliwasilisha karatasi zake kupitia wakili wake. Lakini Bell aliomba hataza kamili, yenye madai yaliyopangwa moja baada ya jingine. Gray aliweka taarifa ya tahadhari tu, yaani tamko kwamba uvumbuzi wake ulikuwa bado unakamilishwa.

Siku tano baadaye ofisi ililisimamisha ombi la Bell kwa miezi mitatu, kwa kuwa liligongana na taarifa ya Gray. Hapo ndipo uzoefu ulipoonekana. Pollok na Bailey walipinga kwa maandishi, wakataka daftari la mapokezi likaguliwe ijulikane karatasi zipi zilitangulia. Zuio likaondolewa. Gray, kwa ushauri wa wakili wake, hakushindana zaidi. Tarehe 7 Machi Bell akapewa hataza namba 174,465.

Wanahistoria wangali wanabishana kama haki ilitendeka, na hata Mahakama Kuu ya Marekani ilipomthibitisha Bell mwaka 1888, majaji 4 walikuwa upande wake na 3 walimpinga. Lisilobishaniwa ni kwamba hataza humlinda aliyeandikiwa vema, si lazima aliyefikiri vema.

Sisi tulilijua hilo kwa njia chungu zaidi. Chini ya Waingereza, hataza ilisajiliwa Tanganyika baada tu ya kutolewa Uingereza. Njia ya kulindwa Dar es Salaam ilipitia London. Mwaka 1987 Tanzania ilitunga sheria yake ya hataza. Mlango ukafunguliwa, lakini lugha ya madai haikurahisika.

Tunawapa wanyonge msaada wa kisheria katika mashauri ya ardhi na mirathi. Kwa nini fundi aliyebuni mashine ya kukoboa mpunga aachwe ajiandikie peke yake?