Sungusungu walivyoanza kulinda mifugo

Ndugu wafugaji, wengi wenu mnawajua sungusungu kwa doria ya usiku na faini ya asiyetokea. Asili yao ni wizi wa ng'ombe Usukumani na Unyamwezini, mwanzoni mwa miaka ya 1980. Baada ya vita vya Kagera vya 1978-79 bunduki zilizagaa, wezi wakaja na silaha ambazo mwenye zizi peke yake asingeziweza. Polisi walikuwa mbali.

Vijiji vya upande wa Kahama na Nzega vikajipanga. Wanaume walibeba upinde, mishale na filimbi. Filimbi ikilia usiku, kijiji kinatoka, cha jirani kinapokea, na nyayo za ng'ombe zinafuatwa zikiwa mbichi. Kundi la ng'ombe halifichiki likipita vijiji vilivyo macho. Asiyeitikia yowe alitozwa faini. Akikaidi, alitengwa: hasalimiwi, haombi moto kwa jirani. Kwangu mimi, kutengwa kulifanya kazi kuliko mishale, maana mwizi wa mbali huwa na mwenyeji kijijini wa kumwambia zizi lipi halina ulinzi.

Nguvu hiyo hiyo, tusifiche, iliwaangukia pia akina mama wazee walioshukiwa uchawi, na watuhumiwa walipigwa bila kufikishwa mahakamani. Hata hivyo Mwalimu Nyerere aliwaunga mkono, na mwaka 1989 Bunge likarekebisha sheria za mgambo, sungusungu wakapewa mamlaka ya kukamata. Kuhukumu kulibaki kazi ya mahakama.