Wanawake Kazini katika Picha za Tingatinga

Wasomaji wetu, yafaa tujue ya kuwa Edward Saidi Tingatinga alikuwa mtu wa mkoa huu wetu wa Ruvuma, mzaliwa wa Tunduru, mwaka 1932. Alikwenda Dar es Salaam kutafuta kazi, na yapata mwaka 1968 akaanza kuchora juu ya mbao nyembamba kwa rangi ya kupakia baiskeli. Yeye alipenda hasa wanyama na ndege. Mwaka 1972 akafa kwa risasi ya polisi waliomdhania mwizi. Lakini jamaa na wanafunzi wake waliendelea, na baadhi yao wakachora maisha ya shamba.

Katika picha hizo twaona wanawake wengi pamoja: huyu atwanga, yule ateka maji, wa tatu alima, wa nne amejitwika kuni. Nyuma yao mara nyingi ni mlima Kilimanjaro, kwa kuwa wageni wanunuzi waupenda. Rangi zang'aa, wala hakuna achokaye.

Basi, sisi tuliolelewa na mama zetu wa Msamala twajua neno lisiloonekana pale: wale wanne ni mmoja. Alfajiri yuko kisimani. Jua likipanda yuko kondeni. Hurudi na kuni kichwani, na jioni ashika mchi, mtoto yu mgongoni. Mchoraji ameiweka siku nzima mahali pamoja, na mtazamaji wa Ulaya adhani kazi imegawanywa. Tena picha hutundikwa kwake huyo mtazamaji. Mwenye mchi, mara nyingi, hajapata kuiona.