Sakinisha upya: maana, matumizi na tahadhari

sakinisha (kitenzi elekezi) weka programu au mfumo endeshi katika kompyuta, simu au kifaa kingine ili iweze kufanya kazi. Minyambuliko: sakinishia, sakinishika, sakinishwa. Nomino: usakinishaji, kisakinishi.

Asili

Kitenzi hiki kimeundwa kutokana na *sakini*, neno lenye asili ya Kiarabu na maana ya kukaa au kuishi mahali. Mzizi huohuo ndio uliozaa *maskani*. Kiambishi cha usababishi *-ish-* kinaongeza dhana ya kufanya kitu kikae mahali pake. Programu iliyopakuliwa tu ni kama mgeni aliyesimama uani na mzigo wake. Iliyosakinishwa imekwisha kupewa chumba. Kwa hiyo *pakua* na *sakinisha* si visawe, ingawa mara nyingi matendo haya mawili hufuatana.

Kinyume chake ni *sanidua*. Neno hili limejengwa juu ya *sanidi* (andaa kifaa kwa matumizi) kwa kiambishi cha utenduzi, kama *funga* na *fungua*. Halikutokana na *sakinisha*, na mwalimu hana budi kuwatanabahisha wanafunzi wanaotafuta jozi inayolingana kwa umbo.

Upya na tena

*Sakinisha tena* humaanisha kurudia tendo, pengine kwa sababu jaribio la kwanza lilishindikana. *Sakinisha upya* humaanisha kuanza mwanzo, kana kwamba hapakuwa na kitu. Tofauti hii ina uzito hasa kwa kompyuta mpakato za zamani (Kenya huitwa pia *vipakatalishi*). Usaidizi wa kawaida wa Windows 10 ulikoma tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 inadai, pamoja na mengine, chipu ya usalama ya TPM toleo la 2.0, kumbukumbu ya GB 4 na hifadhi ya GB 64. Mashine nyingi za zamani hazitimizi masharti hayo, hivyo baadhi ya wenyewe huamua kusakinisha mfumo mwingine, kwa mfano Linux Mint.

Katika mazungumzo ya Tanzania kazi hii huitwa *kupiga window*, hata mfumo unaowekwa usipokuwa Windows. Muundo wake ni wa Kiswahili halisi, sawa na *piga pasi* na *piga deki*, wala haustahili kubezwa. Hata hivyo, haufai katika maandishi rasmi, kwa kuwa hauelezi kama faili za mwenye kompyuta zitabaki au zitapotea.

Mtego wa kwanza: umbiza

Mtu aliyejifunza kuandika kwa kompyuta anajua *kuumbiza maandishi*: kukoleza herufi, kupanga aya. Tendo hilo halipotezi chochote. *Kuumbiza diski* ni jambo jingine kabisa, kwani huiandaa diski kupokea data mpya na kuyaondoa yaliyokuwamo. Msomaji anayelijua neno kwa maana ya kwanza anaweza kubonyeza *Ndiyo* bila hofu. Mfasiri asiliache neno hili peke yake kwenye onyo. Alifuatishe tokeo lake.

Mtego wa pili: kutafuta

Tazama sentensi hii:

*Kusakinisha upya kutafuta faili zako zote.*

Mwandishi alikusudia *ku-ta-futa*: kiambishi cha upatanisho wa ngeli ya KU, kiambishi cha wakati ujao, na kitenzi *futa*. Msomaji anaweza kuona *ku-tafuta*, yaani kusaka. Maandishi ni yaleyale na mkazo uko kwenye silabi ileile, hivyo hata kusoma kwa sauti hakusaidii. Mwalimu mwenye miaka kumi ya maandalio ya masomo na matokeo ya mitihani ndani ya mashine yake anaweza kudhani kwamba kompyuta itamtafutia faili zake, ilhali iko tayari kuzifuta.

Dawa ni kubadili muundo. *Faili zako zote zitafutwa* haina utata wa kisarufi, lakini jicho lenye haraka bado laweza kukwama. Sentensi salama zaidi ni hii: *Faili zote zilizomo katika diski hii zitapotea na hazitarudi. Zinakili kwanza kwenye diski nyingine.* Amri ya kunakili itangulie hatua zote, isiwe tanbihi mwishoni.

Mfululizo unaopendekezwa

1. *Nakili* faili zako kwenye diski ya nje, kisha zifungue huko kuhakikisha zinasomeka.
2. *Pakua* mfumo endeshi na uandae flashi ya kusakinishia.
3. *Washa* kompyuta kutoka kwenye flashi.
4. *Chagua* diski, *iumbize* baada tu ya kuhakikisha kwamba ndiyo uliyoikusudia.
5. *Sakinisha* mfumo, kisha *washa upya* kompyuta.
6. *Sasisha* mfumo na urudishe faili zako.

Kila kitenzi hapa kina kazi moja. Mfasiri asibadilishe *sakinisha* kwa *weka* au *pakia* kwa ajili ya kuepuka marudio. Katika maelekezo, kurudia neno lilelile humhakikishia msomaji kwamba jambo ni lilelile.

Tazama pia: futa, pakia, pakua, sanidi, sasisha, tafuta, umbiza.