Aliyefua Tindo za Pujini

Mpemba akikutajia Pujini, hakosi kumtaja mtawala wake wa kale, Mkama Ndume. Jina lake hasa lilikuwa Muhammad bin Abdulrahman, na ngome yake, kusini-mashariki ya Chake Chake, inahesabiwa kuwa ya karne ya 15. Wazee husimulia kwamba aliwabebesha watu mawe vichwani huku wakijikokota kwa makalio. Husimulia pia habari za kisima kilichokatwa kwa ukuta ili wake zake wawili wasikutane: mmoja akiteka kwa kamba, mwenzake akishuka kwa ngazi.

Jiwe, basi, limekumbukwa. Mhunzi aliyefua shoka na tindo hatajwi.

Ardhi ndiyo iliyomtunza. Katika vijiji vya kale vya pwani yetu, vya karne ya 7 hadi ya 10, aghalabu hukutwa mavi ya chuma, yale mabonge meusi, mazito, yenye matundu, yabakiayo mhunzi akishamaliza kazi. Tumbe, kaskazini ya Pemba, ilikuwa kijiji cha zama hizo, chenye nyumba za udongo. Wanaakiolojia Adria LaViolette na Jeffrey Fleisher walipochimba huko mwanzoni mwa miaka ya 2000, waliokota vigae vingi vyenye mifereji, vilivyotumika kusugulia shanga za makombe. Mafundi walikuwapo, tena wengi. Hata mtepe, chombo kilichoshonwa kwa kamba za makumbi bila msumari, mbao zake zilichongwa kwa tezo ya chuma.

Milimani bara mambo yalikuwa kinyume. Upare ya Kaskazini, Washana walikuwa ukoo wa wahunzi, na ndio waliotawala Ugweno. Masimulizi aliyoyakusanya mwanahistoria Isaria Kimambo, akayatoa kitabuni mwaka 1969, yanaeleza jinsi ukoo wa Wasuya ulivyowapindua, kisha Mranga, mtawala wa Wasuya, akaupanga utawala upya. Washana walinyang'anywa enzi, wakabaki na uhunzi wao, na jina lao halikufutika.

Naona sababu ni ukoo. Kule, kufua chuma kulikuwa urithi wa damu, na mzazi hamfichi mwanawe urithi wake. Pemba, ngome ilisimama mbele ya macho ya kila mtoto, ikasimuliwa. Mavi ya chuma yalilala chini ya mihogo.

Wewe unayelima Tumbe, Chwaka au Ras Mkumbuu, jembe likigonga bonge jeusi, zito kuliko jiwe la ukubwa wake, usilitupe. Liache palepale, ukawaarifu watu wa Makumbusho na Mambo ya Kale.