Kwanza Kilio, Kisha Chemko

Muulize kijana yeyote wa mjini wimbo gani unafaa siku ambayo mambo yamemwendea kombo, atakutajia wimbo wa kuruka, wa kusahau shida. Wazee wetu wa dansi hapa Dar es Salaam walikuwa na njia nyingine. Siku mbaya waliipeleka kwenye wimbo wa majonzi, halafu wakaucheza huohuo mpaka mashati yakalowa. Hebu tuwatazame, vijana wenzangu, hasa sisi tunaojifunza kushika kalamu.

Turudi nyuma kidogo. Mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika. Oktoba 1978 majeshi ya Idi Amin yakavamia Kagera, na vita vilivyofuata mpaka 1979 vikakausha hazina. Miaka ya mwanzo ya 80, sukari, sabuni na khanga vikawa vitu vya kupangia foleni tangu alfajiri. Unafika dirishani, unaambiwa vimekwisha! Mwaka 1983 ikaja kamatakamata ya wahujumu uchumi. Mwananchi wa kawaida alikuwa hoi.

Na miaka hiyohiyo ndiyo kumbi za dansi zilikuwa zikiwaka moto. Mlimani Park ilizaliwa 1978, mtindo wake Sikinde, jina lililotoka kwenye ngoma ya Wazaramo. Muhidini Gurumo alihamia huko akitokea Juwata Jazz, bendi iliyoanza 1964 kwa jina la NUTA na ambayo baadaye tuliizoea kwa jina la Msondo Ngoma. Mwaka huohuo wa 1978 Remmy Ongala, mzaliwa wa Kindu huko Kongo, alifika Dar kupigia Orchestra Makassy, kabla ya kung'ara na Super Matimila.

Waliimba nini? Ndoa zinazovunjika, msiba, ukata, ndugu kumgeuka ndugu. Remmy alikuwa na wimbo mzima juu ya kifo, akauita Kifo, basi. Albamu yake iliyotoka Uingereza mwaka 1989 ina Nasikitika, ina na Sauti ya Mnyonge. Ukisoma majina hayo utadhani watu walikwenda ukumbini kulia. Walikwenda kucheza.

Siri iko kwenye ujenzi wa wimbo wenyewe. Sehemu ya kwanza ni ya maneno: mwendo wa pole, mwimbaji anaeleza kisa chake, wenzake wanamwitikia. Wachezaji wanajivuta taratibu, masikio yote kwenye hadithi. Mara gitaa la solo linageuka, tarumbeta na saksafoni zinajibizana, ngoma zinapanda. Hilo ndilo chemko. Maneno yanapungua, kiuno kinachukua zamu. Aliyeingia na dukuduku la wiki nzima amelisikia kwanza likitajwa kwa jina lake, tena kwenye kipaza sauti, mbele ya umati. Kumbe hayuko peke yake! Akishajua hivyo, mwili wenyewe unakubali kuinuka.

Asiyekuwa na kiingilio naye alipata fungu lake. Upande wa bara, Radio Tanzania Dar es Salaam ilikuwa peke yake hewani mpaka vituo binafsi vilipoanza miaka ya 90, na bendi zilirekodi kwenye studio yake. Ilikuwa na kipindi cha Ugua Pole, salamu na muziki kwa wagonjwa. Uko wodini, umelala mbali na kwenu, unasikia jina lako likitajwa redioni, kisha wimbo. Dawa hiyo haikuhitaji cheti cha daktari.

Wapo wanaosema ule ulikuwa ulevi tu. Wanakumbusha kwamba bendi nyingi zilikuwa mali ya vyombo vya umma: wafanyakazi, umoja wa vijana, polisi, jeshi. Eti walalahoi walipigiwa gitaa ili wasiulize sukari iko wapi. Hoja hiyo ina uzito. Bendi hizo zilikisifu chama na sera zake pia, na hakuna gitaa lililowahi kushusha gunia la sukari dukani. Lakini kama muziki ule ulikuwa wa kulaza watu, mbona ulitisha wakubwa? UKIMWI, uliogunduliwa nchini mwaka 1983 huko Kagera, ulipokuwa ukizoa watu, Remmy aliimba Mambo kwa Soksi, akihimiza kondomu waziwazi. Redio ya taifa ilikataa kuupiga. Watu wakaufuata ukumbini na kwenye kaseti. Jambo lililosemwa kwa kunong'ona sasa lilikuwa linachezwa, na aliyecheza alikuwa amesikia.

Remmy alitutoka mwaka 2010, Gurumo mwaka 2014. Nyimbo zipo. Ewe unayeandika, msomaji wako aliyelemewa usimkimbizie furaha. Mtajie kwanza kinachomuuma, polepole, kama mwimbaji wa Sikinde, ndipo umpigie tarumbeta. Na wewe mwenyewe, siku utakayoamka moyo mzito kama gunia la mkaa, weka wimbo mmoja wa wazee hao. Ila usiirushe ile sehemu ya kwanza ili uwahi chemko. Kaa uisikilize yote.