Kipima-Sukari cha Umeme: Asili Yake na Safari Yake

Jina la ugonjwa aghalabu huhifadhi habari ya namna ulivyotambuliwa. Sisi twasema kisukari. Waganga wa kale wa Bara Hindi walisema madhumeha, maana yake mkojo wa asali, nao waliona ya kuwa sisimizi huukusanyikia mkojo wa mgonjwa. Huko Uingereza, Thomas Willis aliandika juu ya utamu wake mwaka 1674, na mwaka 1776 Matthew Dobson wa Liverpool aliukausha mkojo huo kwa moto akabakiwa na sukari. Kwa muda wa karne nyingi, basi, chombo cha kupimia kilikuwa ulimi.

Mwanzoni mwa karne ya 20 ilikuja dawa ya Benedict. Ilikuwa maji ya buluu yenye shaba, ambayo yakichemshwa pamoja na mkojo wenye sukari hugeuka rangi hata yakawa mekundu kama tofali. Lakini mkojo ni shahidi anayechelewa. Sukari haiingii humo mpaka iwe imezidi sana katika damu. Na ikipungua mno, mkojo hausemi neno. Upungufu huo haukuwa jambo dogo baada ya mwaka 1922, insulini ilipoanza kutumiwa kwa wagonjwa mjini Toronto. Dawa iliyookoa maisha iliweza pia kuyaondoa, kwani ikizidi kipimo hushusha sukari hata mgonjwa akazimia na kufa. Ikawa lazima kuiuliza damu yenyewe, na jibu la damu lilipatikana maabara tu.

Mtu aliyefungua njia mpya hakuwa akishughulika na sukari. Leland Clark, aliyezaliwa mwaka 1918 katika jimbo la New York, alikuwa katika Chuo cha Antioch, Ohio, akitengeneza mtambo wa kutia oksijeni katika damu. Makala yake juu ya mtambo huo ilikataliwa, kwa sababu hakuweza kuonyesha kipimo cha oksijeni katika damu iliyotoka mtamboni. Hakubishana, alikwenda kutafuta kipimo. Ilijulikana tayari ya kwamba oksijeni ikifika kwenye kipande cha platinamu chenye umeme huzalisha mkondo unaoweza kupimwa, lakini vitu vilivyomo katika damu viliigandia platinamu na kuiharibu. Clark aliitia platinamu pamoja na mwenziwe wa fedha nyuma ya utando mwembamba wa plastiki. Oksijeni hupenya utando huo. Uchafu wa damu hubaki nje. Habari za elektrodi hiyo zilichapishwa mwaka 1956.

Mwaka 1962 Clark na Champ Lyons waliongeza hatua ya pili. Waliweka juu ya elektrodi kimeng'enya kiitwacho glukosi oksidesi, ambacho Müller alikuwa amekieleza mwaka 1928 kutokana na kuvu. Kimeng'enya hiki hushughulika na glukosi, nacho hutumia oksijeni katika kazi hiyo. Basi oksijeni ikipungua penye elektrodi, yajulikana ya kuwa sukari ipo, na kadiri ya upungufu ndiyo kadiri ya sukari. Updike na Hicks waliifuata njia hiyo mwaka 1967, na mwaka 1975 kampuni ya Yellow Springs Instrument iliuza kipimo cha namna hii. Lakini kilikuwa chombo cha meza ya maabara, si cha mkononi mwa mgonjwa.

Kizuizi kimoja kilikuwa oksijeni yenyewe, maana kiasi chake katika damu hakitulii. Mwaka 1984 wataalamu wa Cranfield na Oxford walieleza namna ya kuitumia ferosini, mchanganyiko wenye chuma, ili ichukue elektroni kutoka kimeng'enya na kuzifikisha kwenye elektrodi badala ya oksijeni. Miaka mitatu baadaye, 1987, kampuni ya MediSense ilitoa ExacTech, kipimo chenye umbo la kalamu. Mgonjwa alitia tone la damu kwenye kijiti chembamba, akasoma tarakimu akiwa nyumbani kwake.

Clark huitwa baba wa vyombo hivi, na heshima hiyo ni haki yake. Walakini kuvu cha Müller na ferosini ya Waingereza vyatuonya tusimhesabu mtu mmoja kuwa ndiye jamii nzima. Tena yafaa kuuliza kwa nini sukari ilitangulia magonjwa mengine. Jibu ni kwamba glukosi ni nyingi katika damu, na kimeng'enya chake ni imara. Dalili za moyo ulioumia, kama protini ya troponini, ni haba mno, nazo hutafutwa kwa kingamwili. Kwa hiyo kazi yake imekuwa ngumu zaidi.

Limesalia jambo moja ambalo maabara haiwezi kulimaliza. Kijiti hutumiwa mara moja kikatupwa, na kila kipimo kipya chataka fedha mpya. Mgonjwa mwenye chombo asiye na vijiti ni kama mwenye taa asiye na mafuta. Safari iliyoanza ulimini imefika kiganjani. Haitakuwa imekamilika mpaka ifike kwenye kiganja cha maskini pia.