Mkate wa oti

Mkate wa oti ni mkate wa hamira unaotengenezwa kwa oti, nafaka ya spishi ya *Avena sativa*, pamoja na unga wa ngano. Oti haina gluteni, protini inayonasa gesi ndani ya donge, hivyo ngano ndiyo huwa sehemu kubwa. Oti hulowekwa katika maji ya moto, kisha huachwa ipoe hadi iwe vuguvugu, kwa kuwa joto kali huua hamira. Hamira hugeuza sukari kuwa alkoholi na kaboni dioksidi, gesi inayoumua donge. Mkate huokwa kwa nyuzi 180 hadi 200 za Selsiasi. Beta-glukani, ufumwele wa oti, hushika maji na kuufanya mkate uwe laini. Huko New England, Marekani, hutiwa pia molasi.